Manjano, mafuta ya samaki, aspirini au dawa ya presha: pesa ya mama iende wapi?

Sisi ni watoto watatu, na kila mwezi tunachanga Sh90,000 kwa ajili ya afya ya mama. Mama ana miaka 68, anaishi Chumbageni, Tanga, na hana ugonjwa wa kusahau. Alichonacho ni presha, na hofu. Bibi yetu, mama yake, alimaliza miaka yake ya mwisho akimwita kila mtu kwa jina la mdogo wake aliyefariki zamani. Kwa hiyo siku hizi mama akisahau alipoweka funguo hasemi amesahau funguo. Anasema, "Imeanza."

Hofu hiyo kila mmoja ameijibu kwa namna yake kwenye kundi la familia. Kaka yetu aliyeko Muscat anataka kutuma vidonge vya mafuta ya samaki, chupa moja kila mwezi, ambayo hadi imfikie mama ni kama Sh65,000. Dada wa Mwanza anashikilia manjano: kijiko kimoja kwenye maziwa kila usiku, na pilipili manga kidogo. Mjomba kasema aspirini ndogo, kwa sababu yeye anaimeza na yuko imara. Wote wanasema kitu kimoja, kwamba dawa yao inatuliza mchochota wa ubongo, na wote wameweka utafiti wa kuthibitisha. Nimeusoma. Kinachoudhi ni kwamba utafiti wenyewe ni wa kweli.

Ni wa kweli, ila mwingi wake ni wa panya. Kwa hiyo nilichukua kila pendekezo nikaliuliza maswali yaleyale: kwa panya ilionekana nini, kwa binadamu ilionekana nini na walikuwa wangapi, na mama atalipa nini, mfukoni na mwilini.

Moto wenyewe ni upi

Ukichomwa na mwiba, kidole huvimba, huwa chekundu na kupata joto. Huo ndio mchochota: kinga ya mwili imefika kazini. Ubongo nao una walinzi wake, seli zinazoitwa mikroglia, ambazo mtafiti wa Hispania Pío del Río Hortega alizitenga na kuzipa jina mwaka 1919. Zinafagia uchafu, zinakula vijidudu, zinapunguza miunganisho ya neva isiyotumika. Tatizo huanza zisipopumzika. Zinaendelea kumwaga kemikali zake mwaka hadi mwaka, na neva za jirani zinaumia pamoja na adui. Katika ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau unaoonekana zaidi, mikroglia hukutwa zimezingira madonge ya protini iitwayo amiloidi kama nzi kwenye embe lililopasuka.

Ukiishia hapo utasema dawa ni kuzima moto, basi. Lakini mwaka 2013 iligundulika kwamba watu wenye kasoro fulani kwenye jeni ya TREM2, jeni ambayo mikroglia zinaihitaji ili zifanye kazi yake, wana hatari ya kupata Alzheimer karibu mara 3 ya watu wengine. Yaani walinzi wakilegea, ugonjwa unazidi. Tangu hapo neno "hupunguza mchochota" kwenye karatasi ya chupa haliniambii kitu, mpaka nijue unapunguzwa upi, kwa nani, na katika hatua gani ya ugonjwa.

Manjano

Naanza na dada kwa sababu hoja yake ndiyo tamu kuliko zote. Mwaka 2001 watafiti wa Los Angeles walichapisha matokeo ya panya waliobadilishwa jeni ili ubongo wao ujae amiloidi. Waliwalisha kwa miezi 6 chakula kilichochanganywa na kurkumini, kile kitu kinachoyapa manjano rangi yake. Kwa panya waliopewa kiasi kidogo, amiloidi ilipungua kwa 43 hadi 50%, na kemikali mojawapo kuu ya mchochota ilishuka. Matokeo mazuri, na ndiyo yanayozunguka kwenye simu zetu hadi leo, ila neno panya limeshaanguka njiani.

Sasa hesabu ya jikoni. Unga wa manjano una kurkumini kiasi cha 3% tu. Kijiko cha chai cha unga, tuseme gramu 3, kina miligramu 90 hivi. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2012 liliwapa wagonjwa wa Alzheimer gramu 2 au gramu 4 za kurkumini kwa siku. Ili mama afikie hicho kiwango cha chini angehitaji vijiko 22 kila usiku. Maziwa yangegeuka uji. Na kati ya wagonjwa 36 wa jaribio hilo, waliopewa kurkumini, pamoja na dozi zote hizo, baada ya wiki 24 hawakuwa na nafuu kuliko waliopewa kidonge kitupu, kisicho na dawa. Kwenye damu yao kurkumini ilikuwa kidogo mno, kwa sababu utumbo na ini huibadilisha na kuitoa kabla haijafika mbali.

Kwa haki yake, lipo jaribio moja lenye sura tofauti. Mwaka 2018 watafiti wa UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, walitoa kurkumini iliyotengenezwa maalumu ili ifyonzwe vizuri, miligramu 90 mara 2 kwa siku kwa miezi 18, kwa watu ambao hawakuwa na dimensia, yaani ugonjwa wa kusahau. Waliopewa walifanya vizuri zaidi kwenye mitihani ya kumbukumbu. Lakini walikuwa watu 40 kwa jumla, nusu yao hivi ndio waliomeza dawa, idadi isiyojaza hata darasa moja la shule zetu. Jaribio la namna hiyo linatosha kumshawishi mtafiti aombe pesa za jaribio kubwa zaidi. Mimi wa kununua sijashawishika.

Dada alinijibu, "Ndiyo maana nasema na pilipili manga." Hapo ana hoja. Mwaka 1998 watafiti wa India walionyesha kwamba piperini, ule ukali wa pilipili manga, huongeza kurkumini damuni mara 20. Ila inafanya hivyo kwa kulizuia ini lisiondoe vitu, na ini halibagui: linaweza kuchelewa kuondoa dawa nyingine pia. Mama anameza dawa kila siku. Chembe za pilipili kwenye pilau hazinitishi. Vidonge vilivyokolezwa, manjano na piperini pamoja, vinanitisha, na Marekani imeshaandikwa kwamba baadhi ya waliovitumia waliumia ini.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyelitaja kwenye kundi. Bangladesh, kwa miaka mingi, wachuuzi walikuwa wakinogesha rangi ya manjano kwa kromati ya risasi, rangi ya njano ya viwandani. Risasi, ile metali, ni sumu ya ubongo isiyo na kiwango salama. Watafiti walipolifichua mwaka 2019 serikali ikachachamaa, na sokoni likaisha kwa miaka miwili tu. Nimelisema si kwa sababu nawashuku wachuuzi wa Tanga. Ni kwamba mtu anayekunywa manjano kila usiku kwa ajili ya ubongo wake ana sababu ya kununua vidole vikavu vya manjano akasaga mwenyewe, badala ya unga ambao hajui ulipitia wapi.

Mafuta ya samaki

Hapa ni kwa kifupi. Kwa panya na kwenye seli za maabara, mafuta ya omega-3 hutuliza mikroglia, na watu wanaokula samaki huonekana kuwa na kumbukumbu nzuri zaidi uzeeni. Halafu watu wakapewa vidonge. Mwaka 2010: wagonjwa 402 wa Alzheimer, gramu 2 za DHA (aina mojawapo ya omega-3) kwa siku, miezi 18, hakuna tofauti na kidonge kitupu. Mwaka 2017: wazee 1,680, wengi wao wa Ufaransa, ambao walikuwa wameanza kulalamikia kumbukumbu au kudhoofika, miaka 3 ya omega-3, hakuna tofauti. Na dozi kubwa zina bei yake mwilini: zinaongeza uwezekano wa mapigo ya moyo kwenda mrama.

Mama anaishi mjini ambako vibua vinashuka asubuhi vikiwa bado vinang'aa. Sh65,000 kwa chupa, wakati fungu la vibua liko pale sokoni? Nilimwambia kaka hivyo, akanuna siku mbili.

Aspirini na ndugu zake

Kama ungeniuliza mwaka 2001, ningekwambia mjomba kashinda. Mwaka huo watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, waliowafuatilia watu 6,989 walisema kwamba waliotumia dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni kwa zaidi ya miaka 2 walipata Alzheimer kwa kiwango cha chini mno, moja ya tano ya wengine. Panya nao walikuwa wakisema hivyohivyo. Uholanzi na maabara zinapokubaliana, nani abishe?

Ikabidi kujaribu. Marekani walianza na wazee 2,528 wenye ndugu aliyewahi kuugua, wakawapa naproxen au celecoxib, dawa mbili za jamii hiyo, au kidonge kitupu. Desemba 2004 dawa zikasimamishwa kwa wasiwasi wa moyo, na kinga ya kumbukumbu haikuonekana. Kisha ikaja zamu ya aspirini yenyewe: wazee 19,114 wa Australia na Marekani, miligramu 100 kwa siku, kwa karibu miaka 5. Dimensia haikupungua. Kilichoongezeka ni kuvuja damu, tumboni na hata kichwani.

Mjomba anaweza kuwa na sababu yake ya kumeza aspirini. Aliwahi kufanyiwa matibabu ya moyo, na kwa mtu kama yeye hesabu ni nyingine kabisa. Lakini sababu yake si sababu ya mama. Hili ndilo pendekezo pekee kati ya yote ambalo nililikataa hadharani, pale pale kwenye kundi, na adabu zangu zote.

Niongeze mfano mmoja wa dawa isiyouzwa kwa kazi hii, kwa sababu ndio ulionifundisha zaidi. Minosaiklini ni antibiotiki inayofika kwenye ubongo na kutuliza mikroglia za panya vizuri kuliko vitu vingi. Panya wenye ugonjwa wa neva za misuli uitwao ALS waliishi zaidi walipoipata. Wagonjwa 412 wakapewa nafasi ya kuijaribu, na mwaka 2007 matokeo yakatoka: waliomeza minosaiklini walidhoofika haraka zaidi kwa 25% kuliko waliomeza kidonge kitupu. Panya walipona kidogo, watu wakaumia. Baadaye Uingereza waliijaribu kwa wagonjwa 544 wa Alzheimer wa hatua za mwanzo, miaka 2, na haikusaidia. Mtu akiniambia "hata isiposaidia haidhuru", namkumbusha wale 412.

Dawa ya presha, ambayo hakuna aliyeitaja

Mwezi wa sita nilikwenda Tanga. Nilimkuta mama na vidonge vyake vya presha kwenye kopo la majani ya chai. Ilikuwa tarehe 26, na kati ya vidonge vya siku 30 vilibaki 17.

"Mama, hivi vinatakiwa kubaki vinne."

"Najisikia vizuri, mwanangu. Huwa nameza kichwa kikiuma."

Hapo ndipo nilipoacha kusoma kuhusu manjano. Kwa nini presha? Kwa sababu damu inayopiga kwa nguvu miaka na miaka inachubua mishipa midogo ya ubongo. Ukuta unaochuja kati ya damu na ubongo unaanza kuvuja, protini za damu zinapenya mahali zisipotakiwa, na mikroglia zikiziona zinaamka na kuanza ugomvi. Kwa hiyo mchochota uleule tunaotaka kuuzima kwa kijiko cha maziwa unachochewa kila siku na presha isiyotibiwa. Wengine wote kwenye orodha hii wanapambana na moshi.

Na hapa hatuhitaji kumtegemea panya. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2019 lilikuwa na watu 9,361 wenye presha, wa miaka 50 na kuendelea. Nusu walitibiwa hadi namba ya juu ishuke chini ya 120, nusu chini ya 140. Kundi la kwanza lilipata kulegea kwa kumbukumbu kwa hatua za mwanzo pungufu kwa 19%. Kwa dimensia kamili upungufu ulikuwa 17%, lakini wagonjwa walikuwa wachache kiasi kwamba bahati haikuweza kuondolewa. Nilisita hapo. Kisha mwaka 2025 China wakatoa jibu lililonifanya nikae sawa kwenye kiti: vijiji 326, watu 33,995, miaka 4. Katika nusu ya vijiji, madaktari wa kijiji (si mabingwa wa hospitali kubwa) waliwapa watu dawa za bei nafuu au za bure, wakawafundisha kujipima nyumbani na kuwafuatilia. Dimensia ilipungua kwa 15%.

Asilimia 15 haivutii kama 50% ya panya wa Los Angeles. Lakini ni ya binadamu, tena wa vijijini, kwa vidonge ambavyo mama tayari anavyo kwenye kopo.

Na si mama peke yake. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliopima wazee wa miaka 70 na zaidi walikuta karibu 70% wana presha, na wenye presha iliyodhibitiwa walikuwa wachache. Wilaya hiyohiyo, dimensia ilikutwa kwa 6.4% ya wazee wa umri huo.

Tahadhari ni moja, nayo si ndogo: kwa mzee, kushusha presha kupita kiasi kunaleta kizunguzungu na kuanguka, na nyonga iliyovunjika ni msiba. Kiwango cha kulenga apange daktari anayemjua. Kazi yetu sisi watoto ni kuhakikisha kidonge kinamezwa hata siku ambayo kichwa hakiumi.

Kutembea, na habari ya mkanda wa jeshi

Kutembea kuna simulizi nzuri ya maabara. Mwaka 2021 watafiti wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, walichukua plazima (majimaji ya damu) ya panya waliokimbia kwenye gurudumu kwa siku 28, wakawadunga panya waliokaa tu. Ubongo wa wale wavivu ukatulia mchochota, na sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na protini moja iitwayo klasterini. Kwa binadamu mambo yamechanganyika. Mwaka 2011 wazee 120 wa Marekani waligawanywa: waliotembea dakika 40 mara 3 kwa wiki, baada ya mwaka hipokampasi yao, kituo cha kumbukumbu, ilikuwa imekua kwa 2%, wakati ya waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu ilisinyaa. Lakini jaribio kubwa la 2015, wazee 1,635 kwa miezi 24, halikuona faida kwenye kumbukumbu. Kwa hiyo sikuahidi kitu kuhusu ubongo. Ila kutembea kunashusha presha, na hilo limeshanitosha.

Habari ya mwisho ni chanjo ya mkanda wa jeshi. Wales, Uingereza, mwaka 2013 waliianza kwa kigezo cha tarehe: aliyezaliwa kuanzia 2 Septemba 1933 anapewa, aliyezaliwa siku moja kabla hapewi maisha yake yote. Watafiti wakalinganisha pande mbili za tarehe hiyo. Katika miaka 7, waliochanjwa walipata dimensia pungufu kwa kama 20%, hasa wanawake. Ni ushahidi mzito kuliko unavyodhani, kwa sababu hakuna aliyechagua siku ya kuzaliwa. Nitamuuliza daktari wa mama kama chanjo inapatikana na ni ya aina ipi. Siendi kuitafuta Dubai.

Tulivyogawa pesa

Vidonge vya presha kwenye duka la dawa la mtaani kwa mama havizidi Sh10,000 kwa mwezi, na ndivyo vya kwanza kununuliwa. Baada ya hapo nauli na malipo ya kumwona daktari kila baada ya miezi mitatu. Kisha viatu, kwa sababu mama alikuwa akitembea kuelekea Raskazone na kandambili zilizolika upande. Vibua mara mbili au tatu kwa wiki. Manjano yamebaki, kwenye mchuzi na hata kwenye maziwa kama anayapenda, lakini kwenye bajeti ya chakula, si ya dawa. Mafuta ya samaki yametoka. Aspirini haikuingia.

Kaka hakufurahi. Akaandika, "Sasa mimi nitume nini?"

Nikamwambia atume kipimo cha presha, kile cha mkono wa juu, asidanganywe na cha kifundo cha mkono. Na mkanda uwe wa saizi ya mama, maana mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba isivyo. Mama atakapokuwa anapima atakaa dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo, na asizungumze. Hilo la mwisho, mama alisema, ndilo gumu.

"Mkono wake una sentimita ngapi?" kaka akauliza.

Mama akachukua futi yake ya cherehani, akajizungushia juu ya kiwiko, akainua miwani asome.

"Mwambie 34," akasema. "Na asisahau betri."